Wacuka Wawili kwa Duka Moja

Phelista, uko? Nimetoka kuitwa mwizi mbele ya wateja. Mimi.

Si unajua huwa naitwa kutengeneza kompyuta huko Kitale kwa duka la mbegu la mzee Gathii? Leo ile kompyuta kubwa yenye hesabu zote, kompyuta zingine za duka zimekataa kuiona. Nikiitafuta kwa namba yake ya mtandao, iko. Nikiitafuta kwa jina, haiko.

Mzee akasimama kaunta akasema ati, "Huyu wa Bungoma ndiye anaharibu, ndio tumuite tumlipe tena. Mwizi." Wateja wote wakanigeukia. Ndiye anaharibu, Phelista.

Sasa sikia. Jana alinunua kompyuta mpya akaiunganisha mwenyewe. Ile kubwa inaitwa Wacuka, jina la mamake. Hii mpya pia akaiita Wacuka. Mashine mbili, jina moja, mtandao mmoja. Zingine zitajuaje ni gani inaitwa?

Nikamwambia tubadilishe moja. Akaniangalia kama nimetukana mamake. "Kwetu kila ndugu yangu ana msichana anaitwa Wacuka, na hakuna amewahi kupotea."

Nikaiita ile mpya Wacuka-Mdogo, nikazizima zote nikaziwasha. Zikaonana hapo hapo.

Unadhani aliniambia pole? Aliambia wateja ilikuwa shida ya stima, bana. Halafu akamwambia msichana wa kaunta, "Mpe huyo wa Bungoma chai aende."

Mashine mbili amezipa jina la mamake. Mimi nimemfanyia kazi miaka mitatu, na hajawahi kuniuliza naitwa nani.