Miiba Kwenye Mikorosho ya Bibi

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimeokota korosho tangu asubuhi. Bibi akishainama hanyooki hadi amalize mti. Kaka Beni amelala. Alifika hapa Lionja juzi, kazi ya Ruangwa imemshinda, na sasa anasema shamba ni urithi wake. Bibi yuko hai. Urithi gani?

Jumapili, 13 Oktoba
Mchungaji amehubiri kuhusu shukrani. Beni alikuwa anachezea simu. Njiani kurudi akaanza: "Bibi, nyie mlipata kila kitu. Sisi mmetuachia nini?"
"Miguu unayo. Tembea," Bibi akasema.
Siku nyingine ningecheka. Leo nina hasira mno.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimetoka shule nikakuta Beni amezungushia shamba matawi ya miiba. Huku kwetu mpita njia akitamani bibo anakula, korosho yenyewe anamwachia mwenye shamba chini ya mti. Watoto wa Mama Zuhura, jirani yetu, hula kila siku wakitoka madrasa. Hawajawahi kuondoka na korosho hata moja. Leo Beni amewaita wezi, mbele yangu. Nikasimama tu na begi mgongoni. Nauchukia huu ukimya wangu.

Ijumaa, 18 Oktoba
Ndiyo tunaelewa sasa. Wale watoto walikuwa wanakula huku wanatukusanyia. Kila mti ulikuwa na rundo lake dogo la korosho. Sasa zimetapakaa kwenye majani, mabibo yanaozea juu yake. Bibi hawezi peke yake. Mimi nina shule. Beni ameokota nusu ndoo, akaenda kuchaji simu.
Mawingu yameanza. Korosho zikilowa zinakuwa nyeusi na daraja linashuka. Pesa ya hosteli yangu ya kidato cha nne mwakani inatoka humo humo.
Wakati wa kula Bibi ameshukuru kwa ugali, kwa afya, kwa Beni. Kwa Beni. Sikuitikia amina. Nimemkasirikia hata Mungu, na ninaandika kwa sababu anajua tayari.

Jumamosi, 19 Oktoba
Bibi ametupeleka wote kwa Mama Zuhura kuomba radhi.
"Tulidhani mmejenga ikulu," Mama Zuhura alisema, huku akimsogezea Bibi kigoda. "Karibu, bibi, kaa kwanza."
Beni akanung'unika kwamba mikorosho bado ni yetu.
Bibi akamgeukia. "Nilipanda na babu yako, sawa. Mvua niliileta mimi? Mimi mwenyewe naokota cha kupewa. Wewe wa kudai umetokea wapi?"
Beni akatazama chini. Nilifurahi kuona anaaibika. Furaha mbaya. Sijali.

Jumapili, 20 Oktoba
Mvua imenyesha kabla ya ibada. Korosho nyingi zimelowa. Hosteli sijui. Bibi anasema Mungu atafungua njia, kisha akaniambia nianike zile zilizosalimika.
Mchana Beni ametoka na panga, peke yake, kuondoa miiba. Hakuna aliyemtuma. Watoto wa Mama Zuhura wamesimama barabarani wanamtazama. Hawajaingia. Amechomwa mikono yote miwili na bado anakata.
Sijamsamehe. Bibi ameomba na nimeitikia amina, kwa sauti ndogo. Beni alikuwa bado shambani. Nimeuchukua ugali wake nikaufunika usipoe.