Herufi ya Tano

Kibuli, Kampala
Ijumaa, baada ya alasiri

Kwako Dada Mwanaidi,

Nisamehe nikitanguliza swali kabla ya salamu. Limenikaa moyoni wiki nzima, na nahofia nikilichelewesha nitalikimbia tena. Fumbo likiwa na majibu mawili, na yote mawili yakaingia sawasawa katika visanduku, je, jibu la kweli ni la aliyelitunga au la aliyelifumbua? Wewe, tulipokuwa tukigombania ukurasa wa nyuma wa gazeti la Baba, ulikuwa ukinijibu kwamba fumbo lenye majibu mawili ni fumbo bovu, basi. Nimekuamini miaka yote hiyo. Sasa sina hakika.

Haya, shikamoo Dada. Shemeji hajambo? Kifua cha Mama kimetulia, au bado anakohoa na kusingizia vumbi? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Mvua za huku hazina adabu: unaanika nguo juani, na kabla hujarudi jikoni zimelowa upya. Kilima chetu nakipanda kwa miguu siku nyingi, na nikifika juu sina pumzi ya kumwamkia mtu. Bi Salama, mwenye nyumba wangu, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani kuuza nguo asirudi tena, ananilisha matoke kana kwamba nimetoka kwenye njaa.

Ujumbe wa Baba nimeupata. Najua amehangaika kunitafutia nafasi ile ya kufundisha hapo Tanga, na najua anataka jibu kabla muhula haujaisha: narudi au sirudi. Sijamjibu, na sababu ya kutomjibu ndiyo hiyo niliyoanza nayo. Ningekupigia simu, lakini ungecheka kabla sijafika katikati, na Mama angeuliza unacheka nini.

Unakumbuka nilikueleza kwamba chuoni kwetu Nakawa nimeanzisha kikundi cha mafumbo ya maneno, kila Ijumaa baada ya vipindi. Niliwafundisha kama tulivyojifunza sisi: kila kidokezo kina milango miwili, mmoja wa maana na mmoja wa herufi, na yote miwili sharti ikufikishe chumba kimoja. Siku ya kwanza niliandika ubaoni: "Shida ndogo hufunguliwa darasani, herufi sita." Afande Opio, polisi anayesoma Kiswahili kwangu ili apandishwe cheo, akainua mkono.

"Shida ndogo ni mwanafunzi mtoro, Mwalimu."

"Mtoro hafunguliwi, Afande."

"Huku kwetu anafungwa kwanza, halafu anafunguliwa."

Walicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Nikawaeleza: shida ni tabu, na udogo wa kitu tunauonyesha kwa ki, ki na tabu ni kitabu, nacho hufunguliwa darasani. Mtu mmoja nyuma akapiga meza kwa furaha. Huyo ndiye Swaibu. Anafundisha hesabu hapo hapo chuoni, anakaa Kyebando, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Wiki iliyofuata nilipotoa "Mila ikivurugika, boda hupita juu yake, herufi nne," yeye ndiye aliyeruka wa kwanza: "Ni lami! Herufi ya mila umezimwaga tu!"

Nikueleze pia ulimi wake, maana kesi yote imekaa hapo. Katika Kiganda, r hutokea baada ya e na i peke yake. Mahali pengine popote ulimi huenda kwenye l. Kwa hiyo redio kwake ni ledio, na akikwambia ametoka kupiga kula, hujui kama ametoka kwenye sanduku la uchaguzi au kwenye sinia la pilau. Hata akiandika, huandika kama anavyotamka. Nilikuwa nikimsahihisha mwanzoni. Baadaye niliacha, kwa sababu ambayo wakati ule niliiita uvumilivu wa mwalimu.

Basi, chuo kilitunyang'anya chumba, kimetiwa kompyuta. Kikundi kikabaki hakina pa kukutania, na Swaibu akasema, "Niachie mimi, nitatafuta." Ijumaa iliyofuata, tukiwa tumebanana katika ofisi ya walimu, alikuja na fumbo alilolitunga mwenyewe, nakala moja kwa kila mtu. Kidokezo cha mwisho kilisema hivi, nakunakilia na makosa yake: "Mama hali vizuri, ndani yake iko kitu ya kupeleka kwenu (6)."

Afande alilipata mara moja. "Mahali! Limefichwa ndani ya 'mama hali'! Jamani, Swaibu ametupatia mahali!" Watu wakapiga makofi, na kweli alikuwa amepata: baraza la nyuma la duka la shangazi yake, hapo Kyebando.

Mimi sikupiga makofi. Mlango wa herufi ulikuwa wazi, sikatai: ma ya mwisho ya mama, kisha hali. Lakini mlango wa maana ulinipeleka kwingine. Mahali si kitu, Dada, wala hapapelekwi popote. Watu ndio huenda hapo. Kinachopelekwa kwao mtu ni mahari. Tena herufi zote za neno lile zilipitiwa na maneno mengine ya kushuka, isipokuwa ya tano. Ndiyo l, au ndiyo r. Nilipoinua macho nilimkuta ananitazama, au nilidhani ananitazama. Dirisha lilikuwa nyuma yangu.

Nilirudi na karatasi nyumbani nikamwonyesha Bi Salama. Aliisoma huku anamenya ndizi, akaniita nnyabo, yaani bibie, kama wanavyosema huku.

"Nnyabo, mwanamume akupelekee mahali? Amekuwa mchukuzi?"

"Lakini Bi, ameandika hali kwa l. Angekuwa anataka r angeandika hari."

"Herufi zimeandikwa na Muganda, mwanangu. Hizo si ushahidi."

"Na kwenu? Huenda kwenu ni kwa kikundi kizima."

"Kikundi kizima kina mama?"

"Labda ni makosa tu ya lugha."

"Makosa gani hayo yanayojua njia ya Tanga?" Akacheka mwenyewe, akaniambia nikaoshe mikono nile.

Nilikaa na kisanduku kile kitupu wiki nzima. Nilijipinga kwa kila hoja niliyoiweza. Nilijiambia kwamba mtunzi mwanagenzi hukosea mlango wa maana mara nyingi kuliko wa herufi. Nilijiambia kwamba mwalimu wa lugha akisikia r mahali palipoandikwa l, basi ana jambo lake. Hoja hii ya pili sikuweza kuijibu. Leo adhuhuri, kabla sijabadili nia, niliandika R.

Tulikutana kwenye baraza la shangazi yake. Alikusanya karatasi, akazipitia moja moja, akafika yangu akasimama.

"Wenzako wote wameandika L," alisema.

"Kwa hiyo nimekosa."

"Hapana. Umepata."

"Na wao wamekosa?"

"Na wao wamepata."

"Mwalimu Swaibu, fumbo haliwezi kuwa na majibu mawili."

"Nani alisema? Nipe namba ukizidisha kwa yenyewe unapata tisa."

"Tatu."

"Na hasi tatu, je? Umeisahau?" Alicheka, akakunja karatasi yangu akaitia mfukoni mwa shati. Za wengine aliwarudishia. "Zote mbili iko sahihi, Mwalimu. Swali ndio linasema unataka gani."

Nilitaka kumwuliza swali lake ni lipi. Badala yake nilimwomba, kwa sauti ya darasani kabisa, alitamke jibu langu. Alilitamka taratibu, akinitazama, na nikasikia l iliyo safi kama maji ya mtungi. Afande akasema, "Mwalimu, muache kijana, atameza ulimi."

Wakati wa kutoka alinisindikiza hadi barabarani kunitafutia bodaboda. Hatukuzungumzia fumbo. Aliniuliza tu: wazee wa Tanga huamkiwaje? Nikamwambia, shikamoo. Akairudia mara kadhaa, akauliza kama mikono hushikwa miwili au mmoja, na kama Baba ni mtu wa maneno mengi. Neno lenyewe halina l wala r, Dada, na amelitamka vizuri kuliko sisi.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya kifua anywe, asiitazame tu. Nisalimie Shangazi Mwanahamisi aliyenishonea gauni la safari, na Mjomba Athumani wa dukani, na shemeji, na wanao uwabusu wote. Baba mpe salamu zake za peke yake; uniombee radhi kwa kuchelewa, na umwambie nabaki muhula mmoja zaidi kwa sababu nimepata mahali. Yeye aisikie kwa l.

Kama nitakuwa nimemwambia kweli yote au nusu, hilo ndilo nisilolijua hadi ninapofunga barua hii. Swaibu siwezi kumwuliza waziwazi, maana mwanamke anayeuliza habari za mahari amekwisha kuiomba. Ulimi wake siwezi kuutegemea, kwa kuwa baada ya a hauna ila l moja kwa maneno yote ya dunia. Limebaki sikio langu, nalo naliogopa kuliko vyote, kwa kuwa limeshachagua linachotaka kusikia.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura