Mate ya Bibi

Jumatatu, 4 Machi

Maji, majani ya mbuzi, kisha darasani. Kijerumani asubuhi, Kiswahili baadaye. Mwalimu aliniuliza swali. Jibu nilikuwa nalo. Nikanyamaza. Wenzangu wananiita Kufuli. Ni kweli, siwezi kuwakasirikia.

Ndui imefika Kikwe, kijiji cha chini yetu. Watoto wanakufa.

Jumatano, 6 Machi

Ijumaa daktari Mjerumani anakuja kuchanja watoto. Mkalimani wake anaumwa, Mwalimu kanichagua mimi.

Akina mama wanasema hawatoi mtoto mpaka waone Bibi yangu atafanya nini na Anaeli, mdogo wangu. Bibi anamenya ndizi tu.

Ijumaa, 8 Machi

Bibi alikuja wa kwanza, Anaeli mgongoni. Nilivimba kichwa, Mungu anisamehe. Daktari akamchanja mtoto. Bibi akaushika mkono wa daktari, akautemea mate kiganjani.

Daktari akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema kwa Kijerumani hakutoka bomani kuja kutemewa mate. Akafunga sanduku. Askari akashika kiboko. Akina mama wakaanza kubeba watoto wao.

Kijerumani chote kilinitoka. Baraka wanaiitaje? Nikamwona mchungaji wetu Mjerumani kichwani mwangu, mikono juu, mwisho wa ibada.

Nikapaza sauti. "Segen! Bwana daktari, hiyo ni Segen. Kwetu mkubwa humtemea mate anayemtakia heri."

Akauliza kwa Kiswahili chake kibovu, "Mate, baraka?"

"Ndiyo, bwana. Na huyu hamtemei kila mtu."

Akamtazama Bibi. Akafungua sanduku. Mkono wenyewe aliufuta kwenye suruali, polepole, akidhani hatuoni.

Watoto wote wamechanjwa. Wote! Nimefanya mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Bibi kaniuliza jana nilikuwa nampigia mgeni kelele za nini. Nikamweleza. Kacheka mpaka kakaa chini.

Alhamisi, 14 Machi

Anaeli ana homa. Mkono umevimba. Mama mmoja kanitazama vibaya kisimani. Naogopa. Kama nimewadanganya?

Jumapili, 24 Machi

Homa ilikwisha zamani. Leo gamba limeanguka, limebaki kovu dogo kama punje ya ulezi. Anaeli anamwonyesha kila mtu. Ndui haijapanda huku kwetu.

Kabla ya kanisani Bibi alinishika kidevu, akanitemea mate kwenye paji la uso.

Sikufuta.