Besi Iliyonguruma Bila Mimi

Shoga, usicheke kwanza. Ndiyo natoka duka la magitaa.

Nimejaribu besi moja nyekundu. Nikafumba macho, nikapiga, duka zima likanguruma. Muuzaji akasema, "Dada, hicho ni kipaji cha kuzaliwa nacho."

Cha kuzaliwa nacho. Mimi, ninayejifunzia kwenye simu.

Kichwa kikavimba. Nikaachia nyuzi nijikune pua. Besi ikaendelea kunguruma.

Shoga, ikaendelea.

Kumbe nyuma ya spika kuna mama wa makamo anajaribu ya kwake, ametulia zake. Waya wangu uko sakafuni, haujachomekwa popote.

Nikamtazama muuzaji. Hata hakupepesa macho. "Ndiyo uzuri wake, dada. Hata haijachomekwa, inakuitikia."

Kilemba cha ukoka hicho, na nimekinunua. Niko kwenye teksi, nimekipakata.