Babu ya papa Hilaire kwenye tipoye

Marie-Jeanne, acha sufuria, soma!

Unajua papa Hilaire anavyojisifia: babu yake chef mukubwa, watu walimubeba mabegani, amelala kwenye tipoye, kile kitanda cha kubebwa cha wakubwa. Bon, leo wakwe wamefika kwake huku Saint-Gilles kuposa binti yake Carine. Hilaire anawaambia, "Damu ya chef haitolewi ovyo!" Akatoa foto ya 1909 ya tipoye ile, kutoka archives.

Papa Antoine, baba ya kijana, akaigeuza, akasoma majina nyuma. Aliyelala: Mzungu. Babu ya Hilaire: mubebaji wa nyuma, upande wa kichwa. MUBEBAJI, Marie-Jeanne!

Carine akafunika uso. Hilaire akajua posa imekufa.

Alors Antoine akagusa mubebaji wa mbele, upande wa miguu: "Na huyu ni babu yangu."

Hilaire akakohoa: "Donc mukwe, ninyi mulibeba miguu. Sisi tulibeba kichwa."