Plagini Imenifanya Rafiki wa Baba Mkwe

Jumanne. Upepo umeanza mapema leo na vumbi limeingia mpaka kwenye laptop. Sina hamu ya kuona mtu.

Nilitaka kitu kidogo tu. Wasomaji wa blogu hii wanauliza maswali ya mbuzi na ya jikoni, na wengi wanajuana, nikaona niwape mahali pa kuongea wao kwa wao. Jana nikaweka plagini ya jamii, yaani programu ndogo ya kuongezea kwenye blogu: kila mmoja anapata ukurasa wake, kuna vikundi, na kuna ukuta ambapo wote wanaona nani amefanya nini. Kumbe kulikuwa na kisanduku kilichotiwa alama tayari, nami sikukisoma. Hicho ndicho kilichotuma ombi la urafiki, kwa jina langu, kwa kila aliyewahi kujiandikisha.

Hata kwa baba mkwe.

Mzee yuko Kinna na husoma kila ninachoandika, ila hajawahi kuniambia. Huwa nasikia kwa mume wangu. Kwetu Waborana mke hataji jina la baba mkwe wake, na tangu niolewe sijalitamka wala kuliandika. Akiingia, mimi husogea kando. Ndiyo heshima yetu, na imetutosha sote wawili.

Asubuhi nimefungua ukuta nikakuta jina lake na langu kwa herufi nene: sasa ni marafiki. Chini yake mashemeji wamejaza vicheko. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikakimbilia kumwondoa. Plagini ikataka niandike jina lake kamili ili kuthibitisha. Nikajaribu kulinakili na kulibandika, ikakataa. Aliyetengeneza kitu hiki hana wakwe, nakwambia.

Basi nikampigia mume wangu, ambaye ameenda huko Kinna kuangalia ng'ombe, nikamwomba akirudi aliandike yeye. Alicheka kwanza, akanikera zaidi.

Halafu akasema, "Wacha tu. Mzee alijua ni makosa. Alisema akikataa, watu wataona umekataliwa. Ndio akabonyeza kukubali."

Nikakata simu, nikarudi kwenye laptop.

Kisanduku bado kiko wazi hapa mbele yangu, kinangoja jina. Nitamwondoaje mtu aliyebeba aibu ili isinifikie mimi?

Na haya pia atayasoma. Hatasema kitu.