Mpaka Mjomba Aonje

Jumatatu, 6 Machi 1995

Wakimbizi wa wilaya hii wanakula kwa sababu yangu. Nisipoinua boriti ya kizuizi pale barabarani Kasulo, lori la mahindi halipiti, na lori lisipopita, kambi nzima inalala njaa. Wazungu wanalijua hilo. Leo mmoja amenipungia mkono, na dirisha alikuwa amelifunga. Kamba ya boriti haipewi mtu hivi hivi.

Zamu imeisha saa tisa. Nimempitia Anisia kwa Bibi Speransia. Huyu ni jirani, Mrundi aliyekuja na wakimbizi wa kwanza kabisa, siku hizi ana shamba kubwa kuliko langu. Ananiita Mkuu wa Kamba. Anadhani ni utani, lakini ndicho cheo chenyewe.

Anisia ni mtoto wa dada yangu Generoza. Generoza ameenda Nyarubungo kumzika mama mkwe wake, atarudi matanga yakiisha. Aliniachia maelekezo mengi ya kumtunza mtoto. Sikuyasikiliza yote. Mtu aliyevuka Ruvubu kwa kuogelea, mbuzi kamshika kwa meno, hafundishwi kutunza mtoto wa miaka mitano.

Huyu mtoto nataka kumjua. Hasemi. Bubu si bubu, maana anaimba kwa puani, wimbo ule ule, hauna maneno. Kiziwi si kiziwi, lori analisikia kabla yangu, na mimi ndiye mwenye kazi ya malori. Hatazami mtu usoni. Ukimgusa anaruka kama umemwunguza. Ana kipande cha turubai la bluu, la kambini, anajisugulia shavuni mpaka asinzie. Vizibo vya soda anavipanga chini ya ukuta, mstari umenyooka kuliko wa askari.

Leo nimemfanyia jaribio. Nimemwibia kizibo kimoja akiwa amegeuka. Amerudi, ametazama mstari, kisha huyo, moja kwa moja kwenye mfuko wangu wa shati. Uso wangu hakuutazama hata kidogo. Alijuaje? Nimekirudisha kama mwizi.

Watu wanasema pepo. Wengine wanasema mama yake alimdekeza. Mimi nasema mle kichwani kuna kitu kinafanya kazi, na nitakijua. Niliishia darasa la tano, lakini ni kwa kuwa mwalimu alikuwa amemaliza alichokuwa nacho.

Jumanne, 7 Machi

Hajaimba leo. Vizibo viko kwenye kopo.

Nilidhani amenuna. Jioni Bibi Speransia akaniambia weka mkono hapa. Paji la uso linachoma.

Nimempa maji, amegeuza kichwa. Nimempa uji, amegeuza kichwa. Nimemchomea ndizi anayoipenda, hakuigusa. Nimemsimulia nilivyomkimbiza chui kule Nyamiaga kwa mwiko wa ugali. Hadithi hiyo imewahi kumwamsha mtu aliyekuwa amelewa chakari. Kwa Anisia haikufanya kitu.

Naogopa kidogo. Kidogo tu.

Jumatano, 8 Machi

Sikwenda kazini. Kamba nimemwachia kijana mmoja asiyejua hata namna ya kuishika.

Kumbeba Anisia ilikuwa vita. Nikimshika anapiga kelele, na homa ile. Nikajiuliza: turubai lile halimchukizi, kwa nini? Nikaenda kwa Bibi nikaazima turubai kubwa, nikamfunga ndani yake. Akatulia. Kumbe shida ni ngozi ya mtu. Hili nimeligundua mwenyewe. Njiani wanawake wawili waliokuwa wakitoka kuteka maji wakatua ndoo, wakanipa pole ya msiba. Nikawaambia msiba ni wenu.

Zahanati wamemtoboa kidole. Malaria. Nesi amesaga klorokwini, akakoroga na maji, akasogeza kijiko. Anisia amefunga mdomo kama kufuli. Nesi amejaribu mara tatu. Ni mwanamke mwenye haraka lakini si mkali.

Akanipa vidonge, akanieleza wazi. Dawa lazima iingie, na maji mengi. Akikaa hivi bila kunywa, kesho kutwa gari la hospitali likipita litamchukua, akafungwe na kuwekewa dripu. Homa ikipanda zaidi mtoto anaweza kupata degedege, na huko hakuna ahadi.

Najua habari ya dripu. Mwaka jana alipougua walimkalia watu wazima, mmoja kila mkono na kila mguu. Akaichomoa sindano hivyo hivyo. Generoza anasema aliporudi nyumbani alikaa chini ya kitanda siku nyingi, na neno moja alilokuwa ameanza kulisema, maji, hakulisema tena.

Usiku huu nimefanya jambo baya. Nimembana pua ili afungue mdomo. Amefungua, dawa imeingia, dawa imetoka, na nyongo juu yake. Ameniuma kidole. Nimejidharau.

Anakubali kitu kimoja. Nikilowesha ncha ya kitenge cha mama yake, anainyonya. Tone, tone. Nimekaa nikilowesha.

Alhamisi, 9 Machi

Asubuhi nimetia dawa kwenye asali. Amenusa, basi. Nimetia kwenye ndizi iliyopondwa. Ameitoa ndizi kwa ulimi kipande kipande, dawa ikabaki upande, sijui amefanyaje. Nimemwamuru kwa sauti ile ninayowaamrisha madereva. Hata madereva, nikisema kweli, hupiga honi tu.

Midomo imekauka, inapasuka. Analala macho nusu wazi. Turubai amelishika lakini halisugui.

Malori yamepita bila mimi tangu jana. Nimeyasikia. Bado nachunguza yamepitaje.

Mchana Bibi Speransia amekuja kumwona mgonjwa. Nikasema shikamoo Bibi, akasema marahaba Mkuu wa Kamba, mgeni anakaribishwa kwa mikono mitupu siku hizi? Ni Kwaresima, pombe nimeiacha, lakini kulikuwa na mtobe, maji ya ndizi mbivu niliyoyakamua Jumapili na kuyachemsha yasichachuke. Nikamletea kibuyu na mrija. Nikaonja kwanza, nikampa. Huku kwetu ndivyo. Ukimpa mtu kinywaji hujakigusa, umemwambia kina sumu. Hata baba yangu mzazi hangepokea.

Anisia alikuwa kwenye mkeka. Nikaona macho yanafuata ule mrija. Kwangu, kwa Bibi, kwangu. Nikamimina kidogo kwenye kikombe chake, nikamsogezea. Akageuza kichwa. Nikasema ndiyo hivyo Bibi, siku ya tatu hii.

Mtoto akainuka. Mwenyewe. Akatambaa mpaka kwenye kibuyu, akauchukua mrija mkononi mwa Bibi, akauleta mdomoni kwangu. Akasukuma mpaka ukagonga jino. Nikanywa, ningefanya nini? Alikuwa ananitazama hapa, kooni. Nilipomeza, akautoa mdomoni kwangu, akautia kwake.

Akanywa. Akanywa mpaka mrija ukapiga kelele.

Bibi akanigeukia. "Mimi kikongwe unanionjea," akasema, "na huyu mtoto umekuwa ukimpa kikombe kikavu tangu juzi?"

"Bibi, ni mtoto. Mtoto haonjewi."

"Nani kakwambia? Mama yake anamwonjea kila kitu. Siku nzima nawaona uani, na akishinda kwangu namwonjea hivyo hivyo. Wewe unafikiri anafanya mchezo?"

Hapo nikakumbuka. Generoza akiwa mlangoni na mzigo kichwani, alisema kitu kuhusu kikombe. Mimi nilikuwa namsimulia habari za boriti.

Sasa ikabaki dawa. Nikasaga, nikakoroga. Nikagusisha kijiko midomoni, nikasema mmm, tamu. Anisia hakusogea. Alikuwa anaangalia koo. Nikarudia, mmm. Koo halikuenda popote na yeye hakwenda popote. Mdomo wangu umewashinda makarani na polisi, lakini kwa mtoto huyu mdomo si ushahidi.

Nikameza.

Sijawahi kuonja kitu kama kile. Ulikuwa uchungu wa kutoka kisogoni. Bibi amecheka mpaka kashika mlango. "Mbuzi kwa meno! Ruvubu nzima!"

Lakini nisahau kicheko, niandike hili. Anisia alinitazama usoni. Siyo koo, uso. Macho, pua, midomo, alipita kote polepole kama anayesoma. Kisha akafungua mdomo. Kijiko kikaingia, akameza, akafumba. Haikutoka.

Ijumaa, 10 Machi

Nesi amekuja na gari la hospitali kama alivyosema. Amekuta mgonjwa amekaa, mrija mdomoni. Nikamweleza nilivyofanya. Akasema kumbe kijiko kizima unakunywa wewe? Tone moja kwenye ulimi, Mjomba, dawa ni ya mtoto, wewe una malaria? Nikasema sina. Akasema basi usimlie dozi yake.

Lakini ametikisa kichwa, akamtazama Anisia akinisogezea kikombe, akasema katika kazi yake yote hajaona. Gari limeondoka bila sisi. Amesema homa bado ipo, tusisherehekee, na ikipanda nimlete hata usiku.

Tone moja. Nesi hajui kwamba koo langu likishuka kidogo tu, mtoto haamini. Inabidi nimeze tone kama nameza kiazi.

Homa imepanda jioni. Nimemwonjea maji, yeye akanywa. Nimemwonjea tena, akanywa tena. Tumekaa hivyo.

Jumamosi, 11 Machi

Alfajiri ametokwa jasho, turubai limelowa. Nikadhani amejikojolea. Nikagusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, haraka, kabla hajachukia. Paji ni la baridi. Kama jiwe la mtoni.

Nimetoka nje nikakaa kidogo.

Dozi ya mwisho ameimeza.

Kwa kuwa sasa ana nguvu, nimefanya majaribio. Nikionja kwa kikombe changu na kumpa chake, anakataa. Lazima kiwe kile kile. Akionja Bibi, anakubali. Nikionja nimempa mgongo, ananizunguka mpaka alione koo. Kuku alipokunywa kwenye bakuli lake alisimama akamtazama kuku shingo, akafikiri, kisha akanywa. Kuku ameaminiwa haraka kuliko mimi.

Ninajiuliza tangu asubuhi. Sisi wote tunaonja na kuonjewa toka tuzaliwe, hakuna anayeangalia. Unaonja, unampa mwenzako, hadithi inaendelea. Yeye peke yake anaangalia kama kweli umemeza. Sasa nani kati yetu hana akili?

Jumapili, 12 Machi

Misa sikwenda. Ameimba. Wimbo ule ule, kwa puani. Nimeusikiliza wote.

Vizibo viko ukutani. Nimemsimulia chui wa Nyamiaga wakati anapanga. Alinyanyua macho akanitazama koo, nikajikuta namfanya chui awe mdogo kidogo. Mwisho wa hadithi alikuwa karibu sawa na paka.

Jumatatu, 13 Machi

Nimerudi kazini. Madereva hawakuuliza nilikuwa wapi. Wanaficha hisia.

Generoza amefika jioni, miguu imevimba, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Bibi alikuwa amekwisha kumkamata njiani na kumwambia mtoto aliugua. Ameingia mbio. Anisia hakumkimbilia, yeye hakimbilii mtu. Amesogea akalaza shavu kwenye kitenge cha mama yake, akakaa hapo hapo. Generoza hakumkumbatia. Amekaa chini tu, machozi yanashuka, mikono ameiweka kwenye mapaja.

Nikamweleza jinsi nilivyogundua siri ambayo zahanati ilishindwa, na gari la hospitali nilivyolirudisha kwa mkono mmoja. Akasema, "Kaka, si nilikuambia mwonjee kwanza?" Nikasema ulisema kwa sauti ndogo.

Halafu akamimina maji, akaonja, akampa mtoto. Anisia amepokea kikombe. Kabla ya kunywa amekunja uso. Amefumba jicho moja, pua juu, midomo upande, ulimi nje, na mwili mzima ukatetemeka. Kisha akanywa vizuri kabisa.

Generoza akashangaa. Anisia hajawahi kumwiga mtu, hata mkono wa kwaheri. "Huu uso kaupata wapi?"

Nikasema kwa mbuzi wa Bibi.

Jumatano, 15 Machi

Mvua tangu mchana. Barabara ni tope, hakuna lori. Boriti imejiinamia yenyewe.

Nimepita kwa Generoza. Anisia ananifanyia ule uso kila akishika kikombe, mara mbili ikiwa mimi ndiye niliyekishika kwanza. Anaufanya wote, hakuna anachopunguza. Mwishoni anapitisha kidole shavuni, kutoka jichoni kwenda chini. Generoza ameuliza hicho kidole ni cha nini. Nikasema mbuzi ana nzi.

Hakuna aliyeona zaidi ya mtoto. Bibi alikuwa amegeukia mlangoni anacheka.

Nilimwambia Generoza mtoto alilia sana kwa ile dawa. Hakulia. Aliyelia ni mimi.